Jinsi ya kuuza vitu kwa mnada mtandaoni hapa Dar mpaka bei ipande yenyewe

Ukiposti kitu na bei yake unajua kinachofuata, mtu anauliza "mwisho bei gani?", unamjibu, anakausha, kesho anakuja mwingine na swali lile lile. Mnada unaondoa hiyo kitu kwa sababu wateja wanavutana wenyewe kwa wenyewe, wewe umekaa pembeni unaandika nani kafikia wapi. Iwe ni grupu la WhatsApp, komenti za Instagram au laivu, njia ni ile ile.

Sasa kitu cha kushika kabla ya vyote, kwenye mnada bei haiwekwi na mwenye hamu kubwa, inawekwa na wa pili wake. Mtu anaweza kuwa tayari kutoa laki mbili kwa sabufa yako, lakini kama anayemfuata kaishia elfu themanini basi jamaa ataichukua kwa themanini na kitu na huna la kufanya. eBay, mtandao wa minada wa Marekani ulioanza 1995, umejengwa hivyo hivyo: mteja anaandika kwa siri kiwango chake cha juu kabisa, mfumo unampandishia dau kidogo kidogo kadri wenzake wanavyopanda, na mwisho analipa hatua moja tu juu ya yule wa pili. Kwa hiyo usihangaike kutafuta tajiri mmoja. Tafuta watu wawili watatu wanaokitaka kitu hicho hicho, usiku huo huo. Mengine yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye hilo.

Anza na kuchagua mzigo. Chaja mpya ambayo kila duka la Kariakoo inayo usiipeleke mnadani, kila mtu anajua bei yake na hakuna atakayepanda juu ya hapo. Mnada unapendeza kwa vitu ambavyo bei yake haijakaa sawa kichwani kwa watu, raba orijino za mtumba ulizochagua Karume, jezi za zamani, saa, kamera, simu iliyotumika, fenicha za mtu anayehama Masaki anataka nyumba iwe tupu kufika Jumamosi. Vitu vikubwa angalia na umbali, friji liko Kigamboni mtu wa Tegeta anapiga hesabu ya kirikuu na wapakuaji kabla hajapiga dau, kwa hiyo sema mapema kabisa kitu kiko wapi na kama unasaidia usafiri.

Picha ndo duka lako. Piga mchana, nje kivulini au karibu na dirisha, flashi iache. Raba piga soli, piga lebo ya ndani yenye saizi, piga kisigino. Simu piga pembe zote nne, skrini ikiwa inawaka, na skrinshoti ya hali ya betri. Halafu kile kidonda ambacho moyo unakwambia kifiche, kipige kwa karibu kabisa na uweke sarafu ya mia mbili pembeni watu waone ukubwa wa mkwaruzo. Najua inauma lakini fikiria yule mnunuzi wa pili tuliyemsema, yeye akiwa na wasiwasi anaishia chini, na akiishia chini wewe ndo umepoteza. Kitu cha kwanza kabisa kuuzwa eBay kilikuwa kalamu ya leza mbovu, Pierre Omidyar mwenyewe mwanzilishi aliiweka ikaenda kwa dola 14.83, na alipomuuliza mnunuzi kama anajua kwamba haifanyi kazi, jamaa akamwambia yeye anakusanya mbovu. Ubovu ukisemwa una mteja wake, ubovu ukifichwa unakuletea ugomvi.

Kwa simu kuna la ziada. Bonyeza *#06# upate IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, itume kwenda 15090 uone inasoma simu gani, ikija tofauti na uliyoshika mkononi usiiuze. Watu wanakumbuka Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walivyozima simu feki, mtu alilala nayo inafanya kazi akaamka haishiki mtandao, kwa hiyo mteja akiona umeshahakiki anatulia. Risiti ya mwanzo kama unayo iweke pichani. Simu ambayo hujui imetokea wapi achana nayo kabisa hata ukiletewa kwa bei ya kutupa, kesi ya mali ya wizi haina faida inayoweza kuifidia.

Bei ya kuanzia watu wengi wanaogopa hapa. Kitu kinachotafutwa na wengi, anza chini kweli, kwa sababu bei ndogo inaleta watu na watu ndo wanaleta bei. Raba ambayo kwa kawaida inakwenda elfu hamsini ukiianzisha kumi na tano utaona grupu linavyochangamka, na aliyeshapiga dau mara mbili anajisikia kama ni yake, hataki kuachia. Lakini kitu adimu chenye wateja wachache, tuseme lenzi ya kamera ya aina fulani, usianze chini, maana akitokea mmoja tu ataondoka nayo kwa bei ya bure. Hapo anzia kwenye bei ambayo ikiishia hapo hapo huumii. Na hiyo bei ipige vizuri, weka uliyonunulia, kufua au kutengeneza, nauli, bando, makato ya kutoa hela.

Masharti andika juu ya posti kabla dau la kwanza halijaingia: inaanzia ngapi, kila dau lipande kwa kiasi gani (elfu mbili kwa vitu vidogo, elfu tano au kumi kwa vikubwa), inafungwa saa ngapi, mshindi analipa ndani ya muda gani, usafiri ni wa nani. Saa andika saa tatu usiku na uweke 21:00 pembeni maana kuna anayesoma 9:00 ya simu na kuna anayesoma saa tisa, mtu akikosa kitu kwa ajili hiyo atakulaumu na ana haki. Na weka sheria ya kuongeza muda, dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho basi tunaongeza tano nyingine mpaka kimya. Kule eBay muda ukifika umefika ndo maana watu wanavizia sekunde za mwisho. Huku kwetu mtandao unakwama, dau la mtu wa Mbagala linaweza kuingia limechelewa na wewe ukaonekana umependelea.

Siku ya kufunga ichague kwa akili. Mwisho wa mwezi mishahara imeingia, saa mbili mpaka tatu na nusu usiku watu wamefika nyumbani wametoka kwenye foleni wameshika simu. Ila usifunge mnada usiku wa Simba na Yanga, hakuna atakayekuangalia. Masika nayo, Jangwani ikijaa maji bodaboda hawapiti, waambie watu mapema kuwa mzigo unaweza kuchelewa.

Kuna wanaopanga marafiki wapandishe dau la uongo. Usifanye. eBay wameikataza kabisa, na hapa Dar watu wanajuana, namba ile ile ikionekana inapandisha kila mnada na haijawahi kulipa hata siku moja, grupu zima litahama kimyakimya na hutaambiwa kwa nini.

Mshindi akipatikana mtangaze hapo hapo, mwite dada au kaka mpongeze, kisha nenda naye inboksi. Wapo wanaoingia mitini, ni kawaida, ndo maana unaweka muda wa kulipa, ukipita unamrudia aliyekuwa wa pili kwa bei yake ile ile aliyoitaja, siyo ya mshindi. Kwa vitu vya gharama omba advansi kidogo kabla ya kufunga mzigo. Hela ikija usiamini meseji, meseji zinatengenezwa, ingia mwenyewe kwenye menyu (M-Pesa ni *150*00#) uone salio limeongezeka kweli. Ukipata Lipa Namba ni bora zaidi, jina la biashara linaonekana na mteja anakuwa na amani, na sema kabisa kama akituma kwa namba ya kawaida aweke na ya kutolea.

Kukabidhiana fanyeni sehemu yenye watu, mchana, Mlimani City au kituo cha mafuta chenye kamera, simu mteja aijaribu na laini yake mwenyewe. Mzigo wa mkoani upeleke kwa mawakala wa mabasi pale stendi ya Magufuli, andika jina na namba ya mpokeaji kwa maka pen pande mbili za boksi, piga picha risiti na boksi lenyewe mtumie. Video fupi ya kitu kikiwa kinafungwa nayo itunze mpaka aseme kimefika.

Ukiona inakuwa biashara ya kila wiki nenda TRA ukachukue TIN, namba ya mlipakodi, usisubiri kufuatwa.

Na wale walioshindwa usiwaache waende hivi hivi. Aliyepiga dau la elfu arobaini kwenye raba saizi 42 akakosa, tayari unajua saizi yake na unajua mfuko wake, mwandike mahali, ukipata nyingine ya saizi hiyo mpe taarifa kabla hujaposti.