Nusu dumu la mawese: ninavyochagua farasi wa Grand National

Nilibeba mawese kwa baiskeli kutoka Simbo hadi soko la Mwanga, hapa Kigoma, kwa miaka sita, kabla sijafungua kibanda changu cha spea. Madumu mawili ya lita 20 ubavuni, la tatu juu ya keria. Dumu moja likijaa lina kilo 18 hivi. Siku mwenye mzigo akiniongezea kidumu cha lita tano pale juu, kwenye tambarare sikisikii hata kidogo. Naanza kukisikia kwenye mpando wa mwisho wa kuingia Mwanga, miguu inagoma na huku mabati ya soko nayaona kwa macho. Ndiyo maana kila Aprili, vijana wakija kibandani kuniuliza "kaka, mwaka huu tumwekee dau farasi gani?", mimi naanza na uzito. Odi, yaani viwango vya malipo ya dau, nazifungua mwisho kabisa.

Grand National, mbio za farasi za kuruka viunzi, hukimbiwa Aintree, pale Liverpool, Uingereza, Jumamosi moja ya Aprili. Ilianza 1839. Farasi hukimbia karibu kilomita 7, wanazunguka uwanja mara mbili na kuruka viunzi 30, vingine virefu kumpita mtoto wa darasa la pili. Baada ya kiunzi cha mwisho bado kuna kama mita 450 za kukimbia tu. Tangu 2024 wanaoruhusiwa kuanza hawazidi 34. Zamani walikuwa 40. Hayo ukiyashika, yametosha kuanzia.

Aliyenifundisha ni baba mdogo. Ujana wake aliumalizia Nairobi, akiwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya uwanja wa Ngong Road. Huku kwetu farasi utamwona kwenye simu tu, lakini mzee huyu anakuambia farasi kachoka kabla mtangazaji hajasema.

Sasa uzito. Kila farasi hupewa alama kulingana na alivyokimbia huko nyuma, na mwenye alama nyingi hubebeshwa zaidi ili wote wapate nafasi. Mpanda farasi anapimwa pamoja na tandiko lake. Akipungua, wanajazia vipande vya madini ya risasi. Hesabu hiyo hutangazwa Februari, kwa hiyo una muda wa kuisoma vizuri. Utaiona imeandikwa hivi: 11-8. Namba ya kwanza ni jiwe, kipimo chao cha kizamani chenye ratili 14, na ya pili ni ratili zinazobaki. Jiwe moja ni kilo 6.35. Kwa hiyo 11-8 ni kilo 73 na nusu, na 10-5 ni karibu kilo 66.

Mbio za 1973 baba mdogo alinisimulia nikiwa nimekalia dumu tupu, nje ya kibanda. Farasi mmoja kutoka Australia, Crisp, alibebeshwa 12-0, yaani kilo 76. Alitoka mbele mapema na akawaacha wenzake kabisa. Anaruka kiunzi cha mwisho, anayemfuata yuko mbali nyuma. Huyo wa nyuma ni Red Rum, na mgongoni ana 10-5. Tofauti yao ni kilo 10 na kidogo. Baba mdogo akagonga lile dumu kwa fimbo yake, akasema, "Mwanangu, nusu ya hili. Jaza nusu, kimbia nalo kilomita saba, halafu uje unieleze." Kwenye zile mita 450 Crisp akaanza kuyumba, akawa anakwenda upande, na Red Rum akampita hatua chache kabla ya mwisho. Nimeitazama picha yake mara nyingi kwenye simu na bado inaniuma. Yule farasi hakufanya kosa lolote. Alichoka tu.

Lakini usikimbilie kuchukua wepesi peke yao. Mwaka uliofuata Red Rum mwenyewe alibebeshwa 12-0 na akashinda tena. Na siku hizi wanaokuja ni farasi wakali: I Am Maximus alishinda 2024 na 11-6, na Nick Rockett akashinda 2025 na 11-8. Swali langu kwa kila farasi ni moja. Uzito huu, au unaokaribiana nao, ameshawahi kuubeba mbio ndefu na akamaliza akiwa na nguvu? Kubeba mzigo kutoka Ujiji, hapo karibu, ni kazi, na kubeba uleule kutoka Simbo, kule mbali, ni kazi nyingine. Farasi aliyeshinda kilomita 3 na nusu mara tano mimi simtaki. Namtaka aliyeshinda, au aliyekuwa anazidi kusogea mbele, kwenye mbio za kuanzia kilomita 5 kwenda juu. Hapo nusu ya orodha inaondoka.

Baada ya hapo soma mstari wa matokeo yake. Utakuta kitu kama 21-3F1. Soma kutoka kushoto. Ya kulia kabisa ndiyo mbio yake ya mwisho. Namba ni nafasi aliyomaliza. Kistari kinatenga msimu mmoja na mwingine. Herufi ndizo za kuangalia kwa makini: F alianguka, U alimwangusha mpandaji, P mpandaji alimsimamisha njiani, R aligoma kuruka, B aliangushwa na mwenzake. B simhesabii kosa, ni sawa na wewe kugongwa na bodaboda ukiwa umesimama pembeni. F moja namsamehe nikiona baada yake amerudi akamaliza vizuri. F na U zikifika tatu kwenye mstari mmoja, namfuta hata kama kijiwe kizima kinamsifu, kwa sababu pale Aintree ataruka mara 30. P mbili za karibuni pia namfuta; kuna kitu kinamsumbua.

Umri hautanichukua muda. Chini ya miaka saba haruhusiwi. Noble Yeats alishinda 2022 akiwa na saba, na kabla yake mwenye umri huo aliyeshinda ni wa 1940. Wengine wote walioshinda kuanzia 2018 hadi 2025 walikuwa na miaka minane au tisa. Na mimi nakaa hapohapo.

Halafu natazama alikopitia. Kuna mbio Ireland inaitwa Bobbyjo, inakimbiwa Fairyhouse mwezi wa pili. I Am Maximus aliishinda 2024, wiki chache baadaye akachukua Grand National. Nick Rockett akafanya vilevile 2025, tena Januari ya mwaka huo alikuwa ameshinda Thyestes, mbio nyingine ndefu ya Ireland. Wote wawili ni wa mkufunzi mmoja, Willie Mullins, na 2025 farasi wake walishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kwa hiyo Februari mimi niko macho kwenye matokeo ya Ireland, wakati wengi wanaozungumzia farasi huanza wiki ya mwisho.

Hali ya uwanja isikupite. Mvua ikinyesha Liverpool siku tatu mfululizo ardhi inashika miguu, na kilomita saba zinakuwa kama tisa. Kwenye matokeo yake ya zamani wameandika ardhi ilikuwaje. Angalia zile alizoshinda. Hata kukiwa na jua wenye uwanja humwagilia maji wasiumize farasi, kwa hiyo anayependa ardhi kavu na ngumu tu ananipa shaka kila mwaka.

Mpaka hapa mkononi nimebaki na watano au sita. Ndipo nafungua odi. Katika hao siendi kwa yule wa odi ndogo. Nachukua wawili ambao odi zao ni kubwa kuliko nilivyotegemea. Nick Rockett alikuwa 33 kwa 1, yaani shilingi moja inaleta faida ya 33, na kwenye mikeka yetu ya kubeti hiyo inaandikwa 34.00, pamoja na ile moja yako. Mtu aliyekuwa ameshamsoma Februari hakuwa na sababu ya kumwogopa.

Dau langu ni shilingi 2,000 kwa kila farasi, na nalikata mapande mawili kama kampuni ya kubeti inaruhusu: 1,000 ashinde, 1,000 aingie kwenye nafasi za mwanzo zinazolipwa. Tuseme ni 33 kwa 1 na amekuwa wa nne. Ya ushindi imekwenda. Ya nafasi, kama wanalipa robo ya odi, inaleta 8,250 na 1,000 yako inarudi. Wakilipa moja ya tano, inaleta 6,600 na 1,000 yako. Soma wanalipa nafasi ngapi kabla hujabonyeza, maana kampuni zinatofautiana na siku kama hiyo wengine huongeza nafasi.

Na usiweke mapema sana. Mwaka mmoja niliweka Desemba, odi tamu kabisa, farasi nimemchambua vizuri. Machi akaumia, akaondolewa. Nilikwenda kudai pesa yangu, wakanionyesha maandishi madogo: aliyeweka mapema harudishiwi. Tangu siku ile nasubiri angalau Alhamisi ya wiki yenyewe, orodha ya mwisho ikishatoka.

Saa nayo. Zamani mbio zilianza saa moja na robo usiku kwa saa zetu. Mwaka 2024 wakazisogeza hadi saa kumi jioni ya kwao, ambayo huku ni saa kumi na mbili. Mimi sikujua. Nimefunga kibanda, nimenunua chai na chapati, nakaa na baba mdogo saa moja, kumbe farasi wameshaoga na kurudi mazizini. Mzee hakusema neno, akanywa chai yake tu.

Siku hizi tunakaa Kibirizi tangu saa kumi na moja na nusu, wakati vijana wa dagaa wanafunga taa zao na kusukuma mitumbwi majini. Simu tunaiegemeza kwenye dumu. Farasi wakizungushwa kabla ya kutoka, mzee anatazama jasho. Shingo ikilowa kidogo si neno. Povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma, kichwa kinarushwarushwa, saisi anavutwa huku na huku: huyo nguvu zake anazimwaga kabla ya kazi, na kama ni mmoja wa wale wawili wangu, dau lake nalipeleka kwa wa tatu kwenye orodha yangu. Ndiyo maana sibonyezi dau mpaka mzee amewaona wote wakipita. Wakishafika kwenye utepe wa kuanzia, mkeka uwe umeshaingia; utepe ukiinuka, umechelewa.