Somo: Kufufua Beetle iliyolala miaka mingi, ukiwa nyumbani

Wakuu, somo hili ni la Volkswagen Beetle ya injini ya nyuma inayopozwa kwa upepo, kuanzia cc 1200 hadi 1600, ile iliyokaa bandani au chini ya mwembe miaka kumi, ishirini. Wenye Datsun 1200 au Morris Minor wanaweza kufuata mpangilio huu, ila vipimo msivibebe, ni vya Beetle tu.

Injini nyingi zinauawa dakika kumi za kwanza. Mtu anafunga betri mpya, anamimina petroli, anapiga stata. Ringi za pistoni zilizoshikana na kutu zinakatika, au mpira wa petroli uliopasuka unamwagia injini ya moto. Betri ikae mbali kwanza. Itaitwa mwishoni.

1. Bati kabla ya plagi

Inua kiti cha nyuma. Betri hukaa chini yake upande wa kulia, na bati lililo chini yake ndilo huoza kwanza. Mwagia magadi soda yaliyokorogwa kwenye maji mpaka povu liishe, suuza, kisha chokonoa na bisibisi bapa kwa nguvu. Rudia kwenye mifereji ya hita chini ya milango, sehemu ya kuingizia jeki, na pale fremu inapokutana na ekseli ya mbele. Kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja usidanganywe na rangi nzuri, chumvi hula bati kwa ndani.

Mifereji ya hita ndiyo mhimili wa bodi. Jaribio lake ni rahisi: tazama mwanya kati ya mlango na bodi, inua gari kwa jeki upande huo, tazama tena. Mwanya ukibadilika au mlango ukikwama, mfereji umekwisha. Anayechomelea asikate pande zote mbili kwa pamoja. Achomelee kwanza chuma cha kushikilia uwazi wa mlango, akate upande mmoja, aumalize, ndipo ahamie wa pili. Akikosea hapo, milango haitafunga tena vizuri.

Bati likiwa limeoza sana, simama hapa upige hesabu. Injini ni rahisi kuliko bodi.

2. Injini kwa mkono

Weka gia huru. Shika puli kubwa ya chini, ivute na uisukume. Mchezo unaokubalika ni mm 0.07 hadi 0.13, yaani kwa mkono huusikii kabisa au unausikia kwa mbali. Ikigonga "tok, tok", injini inataka kufunguliwa yote.

Toa plagi nne. Silinda za Beetle zimelala ubavu, na hapa wengi hukosea: oili inayomiminwa kwenye tundu la plagi hutuama nusu ya chini, nusu ya juu ikabaki kavu na kutu yake. Chukua bomba la sindano, livishe mpira mwembamba wa sm 10, pindua ncha iangalie juu, kisha pulizia. Mchanganyiko ni ATF (oili ya gia boksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu. Utikise kila mara, maana hujitenga. Weka ml 20 kila silinda asubuhi na jioni kwa siku tatu, mbali na moto.

Sasa shika bolti ya puli ya chini kwa spana ya 30, zungusha kwa mwelekeo wa saa. Mpini wa sm 40 unatosha. Ikigoma usirefushe kwa paipu, loweka wiki nyingine. Ikisogea kidogo, tia gia ya nne, sukuma gari mbele na nyuma taratibu. Kuivuta kwa gari jingine ni kukata ringi.

Ikizunguka, mwaga oili. Chini katikati kuna sahani ya nati sita za spana ya 10, na ndani yake chujio la wavu. Osha wavu kwa petroli, weka gasketi mbili mpya na washa mpya za shaba. Nati hizo zikazwe Nm 7 tu (Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Kasha la injini ni la aloi ya magnesi, ukikaza kwa hasira unang'oa studi. Oili ni lita 2.5, SAE 30 au 20W-50.

Vali zipimwe injini ikiwa baridi: mm 0.15 zote nane. Anza pistoni ya silinda ya 1 ikiwa juu kabisa kwenye kompresheni, yaani vali zake zote mbili zimefunga, kisha rudisha puli nusu mzunguko kinyume cha saa kwa kila silinda: 2, 3, 4. Namba 1 ni kulia mbele, 2 kulia nyuma, 3 kushoto mbele, 4 kushoto nyuma. "Mbele" hapa ni mbele ya gari.

3. Kiota cha panya

Panya hupenda feni ya Beetle kuliko stoo ya mahindi. Kiota hujificha kati ya mapezi ya silinda, chini ya mabati, na upepo wa kompresa haukifikii. Fungua kasha la feni, ni kazi ya nusu siku. Wakati wa kurudisha, mabati yote yarudi, pamoja na raba inayozunguka chumba cha injini na vifuniko vya raba vya nyaya za plagi. Raba hizo zinazuia upepo wa moto wa chini usivutwe tena na feni.

4. Petroli

Petroli iliyochacha hunuka kama vanishi. Tangi liko mbele ndani ya boneti, limeshikwa na bolti nne za spana ya 13, na linabeba kama lita 40. Toa geji yake (skrubu tano), mwaga kila kitu, tia mnyororo wa chuma wa mita moja na lita 10 za siki nyeupe, tikisa, kisha ligeuze upande mwingine kila saa chache kwa siku nzima. Toa, suuza kwa magadi soda, suuza kwa maji, likaushe juani upesi, kisha lipake oili kidogo ndani, la sivyo kutu inarudi kesho yake. Tangi lililowahi kuwa na petroli lisiguswe na moto wa kuchomelea.

Badilisha mipira yote ya petroli bila kuonea huruma hata mmoja: wa chini ya tangi, wa karibu na gia boksi, wa kwenye pampu na wa kabureta. Tundu liwe mm 5 au 5.5, na kila ncha iwe na klipu. Chujio lisining'inie juu ya injini, liwekwe mbele chini ya tangi. Halafu shika kile kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kabureta, ukivute kwa koleo. Kikicheza, kitachomoka siku moja barabarani, juu ya distributa inayotoa cheche. Beetle nyingi zimeungua kwa namna hiyo.

5. Breki

Hapa sipunguzi kitu: mipira minne ya breki mipya, silinda za magurudumu mpya, masta silinda (pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali) mpya. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani. Ukikanyaga, fluidi inapita, ukiachia, hairudi, na breki inabaki imeshika.

Drumu za nyuma zimefungwa na nati ya spana ya 36, iliyokazwa Nm 350. Ilegeze gari likiwa chini, kupitia tundu la katikati ya rimu. Usipokuwa na spana ya kupimia, kwenye mpini wa mita moja ni sawa na uzito wa kilo 36 mwishoni mwake. Tundu la pini lisipolingana, ongeza kukaza hadi linalofuata, usirudishe nyuma.

Gurudumu la mbele kushoto lina kebo ya spidi inayopita katikati ya ekseli, na pini ndogo kwenye kifuniko cha grisi. Itoe pini hiyo kwanza.

Toa upepo uliobaki ndani ya mfumo wa breki, kuanzia gurudumu la mbali na masta silinda. Gari zetu za usukani wa kulia: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Lita moja ya fluidi ya breki ya DOT 4 inatosha, pamoja na kusafisha mfumo.

6. Umeme na kuwasha

Hakikisha ni volti 6 au 12 kabla ya kununua betri. Betri iwe fupi, na juu yake weka mfuniko wa plastiki au mpira mzito. Springi za kiti zikigusa nguzo za betri pale abiria mnene anapokaa, kiti kinawaka moto.

Mwanya wa pointi (zile za ndani ya distributa zinazofunga na kufungua umeme wa koili) uwe mm 0.4, wa plagi mm 0.7. Plagi zikiwa nje, piga stata sekunde 15 na kupumzika dakika moja, mpaka taa ya oili izime. Pima kompresheni: psi 100 hadi 130 ni afya, na chini ya 70 usitegemee mengi. Rudisha plagi, weka kizima moto cha unga miguuni, washa. Acha iungurume dakika kumi huku mwenzako anaangalia mipira ya petroli. Oili hiyo imwage baada ya saa moja ya kutembea, itatoka nyeusi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu inazunguka vizuri, petroli inafika, lakini cheche hakuna. Koili nimenunua mpya.

Jibu: Usingenunua kwanza. Pointi zilizokaa hufanya ukungu mweupe usioonekana kirahisi. Pitisha msasa mwembamba mara mbili, kisha futa kwa kipande cha karatasi kavu kilichobanwa katikati yake, mpaka kitoke safi. Usiache swichi imewashwa wakati injini imezimwa: pointi zikiwa zimefunga, koili inapata moto na kuungua.

Swali: Fundi wangu ameondoa mabati ya chini, anasema injini ipate upepo zaidi. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, kaka. Upepo wa Beetle unasukumwa na feni na kuongozwa na mabati hayo. Ukiyatoa, unatoroka bila kugusa silinda. Ya kwanza kuungua ni vali ya ekzosi ya silinda 3, kwa sababu kwenye injini za kabla ya 1971 kipozeo cha oili kimesimama njiani mwa upepo wake.

Swali: Na termosta, ile inayofunga upepo wa feni injini ikiwa baridi? Kwa joto la Dar hatuihitaji.

Jibu: Unaweza kuiondoa, ila vile vibao vya ndani ya kasha la feni vifungwe vikiwa wazi kabisa, au vitolewe. Kibao kikijifunga chenyewe, injini inapikwa.

Swali: Petroli ya sasa haina risasi. Lazima niweke dawa?

Jibu: Hapana. Hedi za Beetle ni za alumini na viti vya vali ni vya chuma kigumu kilichopachikwa. Kagua vali kila km 5,000, inatosha.

Swali: Breki zote nimeweka mpya, lakini baada ya km 5 zinashika zenyewe, zikipoa zinaachia.

Jibu: Angalia kile kifimbo kati ya pedali na masta silinda. Kiwe na mchezo wa mm 1 kabla ya kugusa pistoni. Kikibana, tundu dogo la kurudishia fluidi halifunguki, joto linaongeza presha, breki zinajishika. Mchezo ukiwepo na bado zinashika, legeza nati ya kutolea upepo ya gurudumu lililo moto zaidi. Fluidi ikiruka na gurudumu likaachia, rudi kwenye mpira wake hata kama ni mpya, tazama umejikunja wapi.

Swali: Feni belti inapiga kelele na sioni pa kuikazia.

Jibu: Inakazwa kwa washa nyembamba zilizo kati ya vipande viwili vya puli ya juu. Zuia puli kwa bisibisi kwenye pengo lake, fungua nati kwa spana ya 21, hamisha washa moja kutoka katikati uiweke nje chini ya nati. Ukisukuma belti kwa kidole, iingie kama mm 15. Washa iliyotolewa usiitupe, belti mpya itaidai.