Somo: Namna ya kukinga mkojo wa mtoto kwa kipimo cha UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)

Mtoto mdogo hawezi kukwambia "nikikojoa panauma". Atachemka homa bila mafua wala kikohozi, atakataa kunyonya, atatapika, atalialia, basi. Ndiyo maana UTI hupita bila kujulikana, na ikipanda hadi kwenye figo inaweza kuacha kovu. Jibu limo kwenye mkojo, lakini mkojo uliochafuka hudanganya. Mimi ni muuguzi wa watoto, na huniuma sana kuona mtoto akimeza dozi nzima kwa sababu ya bakteria waliotoka kwenye ngozi, si kwenye kibofu.

Kama mtoto hajafika miezi 3 na ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi.

Hatua ya 1. Usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini. Hata dozi moja inaweza kufanya maabara waoteshe mkojo, yaani wawakuze bakteria waliomo ili waonekane, wasione kitu.

Hatua ya 2. Nawa mikono, kisha msafishe sehemu za siri kwa maji safi na kitambaa safi. Wa kike mfute kutoka mbele kwenda nyuma. Wa kiume, usimvute govi kwa nguvu. Usitie dawa ya kuua vijidudu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Mnyonyeshe au mpe kinywaji, subiri kama nusu saa, kisha mvue nepi. Mmoja ampakate, mwingine akae na kikopo kilichofunguliwa tayari. Lowesha kipande cha shashi kwa maji baridi, umsugue taratibu kwa kuzungusha, chini ya kitovu, juu kidogo ya kinena. Baadhi ya watoto huachia ndani ya dakika 5. Wengine watakusubirisha, na macho yako yasibanduke, maana ukigeuka tu, umeukosa. Matone ya kwanza yaache yapite, kinga yanayofuata. Kikopo kisiguse ngozi, na kidole kisiingie ndani wala kwenye mfuniko.

Mkojo uliokamuliwa kutoka kwenye nepi au pamba haufai kuoteshwa. Mfuko wa kubandika sehemu za siri ili ukinge mkojo una faida moja: mkojo wake ukionekana safi, unaondoa shaka. Ukionyesha bakteria, itabidi kurudia kwa mkojo uliokingwa vizuri au uliotolewa hospitali kwa mpira mwembamba unaoingizwa kibofuni.

Hatua ya 4. Ufikishe maabara ndani ya saa 1. Ukishindwa, uweke kwenye friji, si kwenye friza, na umwambie mpimaji ulikingwa saa ngapi.

Maswali ya wanachama

Swali: Dada muuguzi, kijiti cha kupimia mkojo kilionyesha naitraiti hamna, ila daktari akaandika dawa. Si amekosea?

Jibu: Si lazima awe amekosea. Bakteria huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4 ndipo naitraiti, kemikali wanayoitengeneza, ionekane, na kichanga hukojoa kila mara. Kwa hiyo daktari huangalia pia seli nyeupe za damu kwenye mkojo na hali ya mtoto, kisha husubiri majibu ya kuotesha, ambayo huchukua siku 1 hadi 2.

Swali: Binti yangu ana miaka 4, UTI haimwachi. Maji anakunywa vizuri. Nimechoka jamani.

Jibu: Pole sana mama. Choo kikubwa anapata vipi? Wazazi wengi hawaulizwi hili. Kinyesi kigumu kikijaa hubana kibofu, mkojo hauishi wote, na bakteria hupata pa kuzaliana. Mtibu kwanza kufunga choo. Akiwa kwenye michezo hujibana, kwa hiyo mpeleke kukojoa kila baada ya saa 2 au 3, miguu ikanyage kistuli isining'inie, asiharakishwe. Na kwa kuwa inajirudia, omba apigwe ultrasaundi ya figo. Wapo watoto ambao mkojo wao hurudi juu kutoka kibofuni.

Swali: Homa imeshuka siku ya 2. Niache dawa?

Jibu: Usiache, amalize siku zote alizoandikiwa. Ingekuwa haijashuka baada ya saa 48, ningekwambia urudi ukaulizie majibu ya kuotesha, kwani huenda bakteria wake ni sugu kwa dawa hiyo.