Somo: Inachukua muda gani mpaka uanze kushinda kwenye poka?

Wakuu, salaam. Hapa naongelea Texas Hold'em, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Wale wa Kenya mnaoita poka mchezo wa kuruka na kulishana karata kama last card, huo ni mwingine kabisa.

Jibu la haraka: kwa anayesoma kwa bidii, mwaka unatosha kuacha kuwa mtu wa kuliwa kila siku. Lakini kujua kwa uhakika kwamba unashinda ni habari ya miaka mitatu au zaidi. Wengi hawafiki kabisa, na sababu nitaieleza kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Jifunze kutupa karata. Kuna michanganyiko 1,326 ya karata mbili za kuanzia, na sehemu kubwa ni takataka. Anayeanza anaona uvivu kukaa bila kucheza, basi anaingia na chochote. Tupa. Wiki chache zinatosha kuzoea.

Hatua ya 2: Jua bei ya kila karata unayoifukuzia. Una kopa mbili, na kati ya karata tatu za mezani mbili ni kopa. Katikati kuna 10,000, mpinzani anaweka 5,000. Unalipa 5,000 kwenye jumla itakayokuwa 20,000, kwa hiyo unahitaji nafasi ya asilimia 25. Kopa zilizobaki ni 9 kati ya karata 47 usizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata inayofuata. Ni hasara, labda uwe na hakika kwamba kopa ikitoka atakulipa zaidi. Ila kama hiyo 5,000 ndiyo pesa yake ya mwisho, utaona karata zote mbili zilizobaki na nafasi inapanda hadi 35. Hapo lipa. Hesabu hii ifanye mpaka ikutoke kichwani bila kufikiri. Kwangu hii ndiyo nusu ya mchezo.

Hatua ya 3: Andika kila kitu, uhesabu mikono (mkono ni mgao mmoja wa karata, tangu kugawiwa mpaka mtu achukue pesa). Achana na kuhesabu miezi. Hapa ndipo watu wanajidanganya. Mshindi mzuri wa mtandaoni anapata kama madau makubwa 5 (dau kubwa ni lile la lazima, big blind, linalowekwa kabla ya karata kugawiwa) kwa kila mikono 100. Bahati peke yake, kwenye mikono hiyohiyo 100, humpeleka juu au chini kwa madau 90 hadi 100. Baada ya mikono 10,000, mshindi huyo wa kweli anaweza kabisa kuwa kwenye hasara, na mbovu anaweza kuwa anatamba mtaani. Ukifika 100,000 ukungu unapungua: matokeo yake mara nyingi yataangukia kati ya 2 na 8.

Sasa piga saa. Meza moja ya mtandaoni inatoa mikono kama 70 kwa saa. Ukicheza saa 10 kwa wiki, mikono 100,000 inakaribia miaka mitatu. Kasinoni, ambako mgawaji anagawa kwa mkono, ni mikono 30 hivi kwa saa, na hesabu inapita miaka sita. Kasinoni wapinzani huwa dhaifu zaidi, hilo linasaidia, ila muda unabaki mrefu.

Hatua ya 4: Tenga mtaji. Usiguse ada wala kodi ya nyumba. Kianzio cha meza moja kiwe sehemu ndogo sana ya mtaji. Mimi nasema chini ya moja ya thelathini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mbona Chris Moneymaker alishinda ubingwa wa dunia 2003 akiwa mhasibu tu?*

Kweli, aliingia kwa shindano la mchujo la dola 86, akawapita washiriki wengine 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Alicheza vizuri, lakini shindano moja ni mikono michache mno. Mwaka 2019 watafiti wa Carnegie Mellon na Facebook walipopima Pluribus, programu yao ya kucheza poka, dhidi ya wataalamu watano kwa wakati mmoja, walicheza mikono 10,000 kwa siku 12, na bado walilazimika kutumia hesabu maalumu ya kupunguza bahati.

*Nina A mbili mara tatu wiki hii na nimepigwa zote. Hawa jamaa wa mtandaoni wanachakachua?*

A mbili huja wastani wa mara moja kwa mikono 221. Zikikutana na K mbili kabla ya karata za mezani, hushindwa karibu mara 18 kwa 100, na wapinzani wakiwa wengi hushindwa zaidi. Mara tatu mfululizo inauma ila haithibitishi kitu. Andika, endelea.

*Kaka, kuna tofauti gani na kubeti mechi au ruleti?*

Ruleti yenye sifuri moja ina makato ya asilimia 2.7 kwa nyumba (yaani kasino), hakuna ujuzi unaoyaondoa. Kwenye poka unacheza na wenzako, nyumba inakata kiasi kwenye kila pesa iliyoshindaniwa. Kwa hiyo kumzidi jirani hakutoshi. Umzidi kiasi cha kufidia makato. Kwenye meza ndogo makato hayo hula sana, na washindi wachache huko hubaki na kitu. Ni kamari pia. Kama dini yako inakataza, sitabishana nayo.

*Je, nikinunua kozi nitafupisha muda?*

Utafupisha hatua ya 1 na 2. Ya 3 hainunuliki. Muulize muuza kozi akuonyeshe mikono yake 100,000, akianza kukuonyesha gari, ondoka.