Didemnum vexillum kwenye kamba za kome: osha mbegu kabla ya kuihamisha

Ukivuta kamba katika shamba la kome huko Marlborough Sounds, New Zealand, ukakuta kitu cha rangi ya krimu kinaning'inia kama nta iliyochuruzika kwenye mshumaa, usidhani ni sifongo. Kisogeze machoni. Utaona vitundu vidogo mno vimetapakaa ngozi nzima, na kati yake mistari myeusi kama mishipa. Kila kitundu ni mdomo wa mnyama mmoja wa urefu wa milimita 1 hivi, na wote wameshikana wakawa mkeka mmoja. Huyo ndiye Didemnum vexillum, ambaye asili yake inaaminika kuwa Japani.

Kiluwiluwi chake huogelea kwa saa chache tu, kisha hunata. Kwa hiyo anayempeleka mbali ni binadamu. Mwaka 2001 alionekana Whangamata, katika Kisiwa cha Kaskazini cha New Zealand, na mwaka huohuo akafika Shakespeare Bay, karibu na Picton, akiwa amenata kwenye tishari lililovutwa. Kutoka bandarini akaingia mashambani kwa vyombo, kamba na mbegu, yaani kome wachanga wa kupandikiza.

Hatari kubwa ni kwa kome wachanga. Wenye milimita 20 hadi 40 hubanwa na mkeka, wakaachia kamba na kuzama. Kome wakubwa waliokaribia kuvunwa huvumilia, na nyama yao haipungui. Basi fedha na nguvu zako zipeleke kwenye mbegu. Kusugua kamba za mavuno ni hasara tupu.

Tena kusugua baharini kuna madhara. Mashine ya maji ya presha hukata mkeka vipande, na kila kipande ni mche mpya: hunata tena ndani ya saa 6 hadi 12 kikigusa kitu, na ndani ya siku 15 eneo lake laweza kuongezeka mara 6 hadi 11. Mfugaji hudhani amesafisha, kumbe amepanda. Usafishaji wote ufanyike nchi kavu, na taka zizuiwe zisirudi majini.

Kabla ya kuhamisha mbegu, bandua kwanza mikeka minene kwa mkono, kwa sababu dawa huua juu tu na ndani hubaki hai. Waache kome nje ya maji kidogo wafunge magamba, na waliopasuka watoe. Kisha zamisha mbegu kwenye klorini ya 0.5% kwa dakika 2. Kwa jiki ya 3.5%, hiyo ni lita 1 kwa lita 6 za maji. Soma kibandiko, maana nguvu hutofautiana. Tumia kreti yenye matundu, na usiijaze pomoni, la sivyo mbegu za katikati hazitaguswa. Pima dakika kwa saa. Ukizidisha, kome hufungua magamba na dawa huingia. Suuza mara moja kwa maji safi ya bahari. Dawa ikichafuka kwa tope na ute, klorini yake imeliwa: tengeneza nyingine. Jaribu kwanza kilo chache, uwaangalie kesho yake, ndipo ufanye shehena nzima. Maji ya dawa yaliyotumika usiyamwage baharini.

Kamba tupu, maboya na nanga hazina gamba la kulinda, kwa hiyo zilowekwe kwenye siki ya 5%, au zianikwe hadi zikauke kabisa, ndani ya mafundo pia. Fundo bichi ndilo humrudisha. Siki na jiki visikutane kwenye pipa moja kamwe: hutoa gesi ya klorini inayoua mapafu.

Nguzo za gati na vyombo visivyoweza kutolewa majini huzungushiwa plastiki nene na kufungwa barabara. Maji ya ndani hukosa oksijeni, mkeka ukaoza. Plastiki ikitoboka na mawimbi, kazi yote imepotea, hivyo ikague kila baada ya dhoruba.

Ukaguzi wa kamba ufanye mwishoni mwa baridi, Agosti hadi Oktoba, mikeka ikiwa imenywea. Kuanzia Novemba maji yakipata joto viluwiluwi huanza kutoka, na kamba ya mbegu uliyoining'iniza wiki hiyo ndiyo watakayoinatia kwanza.