Kisu cha kukunja cha mfukoni: kununua ughaibuni, kutumia Kisumu

Ukiishi Leeds au Stuttgart na kila Desemba unashuka Kisumu, kisu chako cha mfukoni kina kazi za namna mbili. Huko kinafungua maboksi na kumenya tufaha saa ya mapumziko kazini. Huku kinamenya muwa wa Muhoroni, kinakata kamba ya katani, kinapasua embe, na siku kisu cha jikoni kikipotea kitaitwa kuparua samaki wa ngege. Kinachofaa kote ni kidogo, cha kawaida, kisicho na sura ya vita. Vile vyeusi vyenye meno ya msumeno na mpini wa kikomando sivipendekezi hata ukiuziwa nusu bei. Kukata havikati vizuri, na ukikutwa navyo maelezo yanakuwa marefu.

Anza na sheria ya unakoishi, bei baadaye. Uingereza unaruhusiwa kutembea na kisu cha kukunja bila kuulizwa sababu, mradi makali yake hayazidi inchi 3 (sentimita 7.62) na kisiwe na loki, yaani kikazio kinachozuia bapa lisikunjike likishafunguliwa. Chenye loki, hata kikiwa kifupi, kinataka sababu ya maana, na kusema kilikuwa mfukoni tu si sababu. Ujerumani kinachokatazwa kubebwa hadharani ni kile kinachofunguka kwa mkono mmoja kisha bapa likakazwa na loki, na tangu 2024 masharti yamekazwa zaidi kwenye sherehe za hadhara na treni za masafa marefu, kwa hiyo siku hizo kiache nyumbani. Marekani kila jimbo lina lake, wakati mwingine hata mji, basi usidhani kinachopita Texas kitapita New York. Na duka kukiuza kihalali hakumaanishi unaruhusiwa kutembea nacho. Hapo ndipo wengi wetu hunaswa.

Kwa anayeishi Uingereza jibu langu ni fupi: Victorinox, visu vya Uswisi vyenye vifaa vingi, zile za milimita 91 zikiwa zimekunjwa. Springi ndiyo inayoshikilia bapa, loki hakuna, na makali yako chini ya inchi 3. Usibebwe na zenye vifaa ishirini. Kisu, kifungua kopo, bisibisi na kizibuo vinatosha, na mfuko hautaning'inia. Za milimita 111 ni kubwa na nyingi zina loki, ziache.

Kwa wa bara Ulaya ninaipenda Opinel namba 8. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza visu hivi Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, na hadi leo namba 8 utaipata chini ya Euro 20. Mpini ni wa mbao, makali sentimita 8.5, na shingoni kuna pete ya chuma unayoizungusha ili bapa lisikufungie vidole. Kuanzia namba 6 kwenda juu zote zina pete hiyo, kwa hiyo Uingereza zinahesabiwa kuwa na loki. Ujerumani zinafunguliwa kwa mikono miwili, hilo la mkono mmoja halizigusi. Kasoro yake utaijua msimu wa mvua: mbao ikilowa inavimba na kisu kinagoma kufunguka. Usikichokonoe kwa bisibisi, kikaushe kivulini siku moja, kitaachia chenyewe.

Opinel inauzwa kwa chuma cha aina mbili, na hapa usikosee. Cha kaboni kinanoleka upesi, lakini kata embe au limau ukisahau hadi jioni, utakikuta na madoa meusi, na kwa unyevu wa ziwani kutu haichelewi. Kwa Kisumu, Busia au Homa Bay chukua chuma cha pua. Kwenye visu vya Kichina tafuta jina la chuma lililochongwa kwenye bapa: 8Cr13MoV ni cha bei nafuu na si kibaya, 14C28N cha Sweden ni kizuri zaidi na hakishiki kutu ovyo, D2 kinakaa na makali muda mrefu ila kukinoa kunachosha na maji hakiyapendi sana. Kisu kisichotaja chuma chake kabisa kirudishe rafuni.

Kabla ya kulipa, kifungue, shika bapa kwa vidole viwili ulisukume kushoto na kulia. Likicheza leo, mwakani litalegea kabisa. Kisha kikunje ukitazame kutoka juu: bapa likae katikati ya mpini bila kugusa ukuta.

Kunoa ndiko kunakoua visu vizuri. Wanoaji wa baiskeli wenye jiwe la duara, kwa panga na visu vya jikoni sina neno nao. Bapa jembamba la mfukoni ni habari nyingine. Jiwe likizunguka kwa kasi bila maji, ukingo unapata moto. Ukiona umegeuka rangi ya buluu, chuma kimepoteza ugumu wake pale pale, na hakitashika makali tena mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe. Nunua jiwe dogo la pande mbili, upande wa chembe kubwa namba 400 na wa chembe laini namba 1000, nyuzi 20 hivi za mwinamo zinatosha. Ukilisahau, geuza kikombe cha udongo kichwa chini: ule ukingo wa kitako usiong'aa unanoa vizuri kuliko unavyofikiri. Ukishaparua samaki, kisu kioshe kikiwa wazi, kikaushe, na tone la mafuta liingie pale bapa linapoungana na mpini, maana magamba hujificha humo yakaoza.

Ukiwa mjini Kisumu au Nakuru usiende nacho benki, mahakamani wala kwenye jumba la maduka. Askari wa mlangoni watakikuta na kuanza maswali. Na usiku wa baa kibaki nyumbani. Ugomvi ukizuka, polisi hawatapima inchi.

Safarini kinakaa kwenye mzigo mkubwa unaokabidhiwa kaunta, kikiwa kimefungwa. Hatari iko Nairobi unapobadilisha ndege kwenda Kisumu: uzito unaoruhusiwa kwenye ndege za ndani mara nyingi ni mdogo, watu wanaanza kuhamisha zawadi kutoka sanduku hadi begi la mkononi, na kisu kinahama nazo. Kikionekana kwenye skena hakirudi. Kabla ya kufungua zipu jua kisu kiko wapi. Kama huna sanduku la kukabidhi, panda basi la kupitia Nakuru.