Simulia Uamuzi Wako Kabla Hujaufanya

Mie ni mhazini wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Ngamiani, Tanga. Kila sanduku likifunguliwa, kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, wanachama huomba mikopo na kueleza sababu zao. Miaka ikipita huwasikia walewale wakisimulia mambo yalivyokwenda, na mara nyingi maelezo hayo mawili hayafanani hata kidogo. Ndiyo maana mtu akitaka kuuza mali, kuhama au kuacha kazi, namwambia afanye hivi.

Kabla hujatoa jibu, kaa na mtu anayekufahamu vizuri, umsimulie kana kwamba miaka kumi imeshapita na anayekuuliza ni mjukuu wako. Sema kwa sauti, maana moyoni kila mtu hodari. Anza na "Mwaka ule niliamua..." uende nayo mpaka mwisho. Msikilizaji ana kazi moja: kuangalia wapi unaruka.

Na utaruka tu. Mwenzetu mmoja alitaka kuuza shamba la machungwa la marehemu baba yake, kule Muheza, amnunulie mwanawe pikipiki ya bodaboda. Alisimulia vizuri kweli: mnunuzi kapatikana, bei ya maana, pikipiki imekuja, kijana katoka kijiweni. Nikamuuliza, "Na kaka zako walisemaje?" Akashika ncha ya mtandio, akawa anaisokota. "Hao, dada, ningewaambia baadaye." Shamba lenyewe mirathi yake haijagawanywa! Basi pale aliporuka ndipo pa kushughulikia, tena leo, pesa ya mtu haijapokewa. Akapanda gari kwenda Muheza. Kaka zake walikataa katakata kuuza ardhi, ila wakamruhusu auze machungwa ya msimu ule yakiwa bado mtini. Hela haikufika bei ya pikipiki, iliyopungua tukamkopesha.

Ukishasimulia, chukua daftari. La shule linatosha, usiende kutafuta la jalada la dhahabu. Andika siku hiyohiyo: tarehe, kiasi cha pesa, nani kakushauri, na unaogopa nini. Hofu usiiache, maana ndiyo husahaulika kwanza. Biashara ikinyooka, mtu husema alijua tangu mwanzo; ikianguka, karogwa, au shemeji kamdanganya. Kikobani kwetu sababu ya mkopo huandikwa kitabuni na mkopaji hutia saini au dole gumba, kwa hiyo ubishi huisha mapema.

Usingoje mambo makubwa tu. Babu yangu alitoka Songea, enzi za mkoloni, akaja kukata mkonge Korogwe apate pesa ya kodi. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, ukizimaliza ndipo unalipwa. Mkataba ulipokwisha wenzake wakarudi kwao. Yeye akasema nachukua kipande kimoja tu zaidi, ninunue baiskeli. Songea hakurudi tena. Ukoo wetu wote, na lafudhi yetu hii ya pwani, umetoka kwenye kipande kile, na kila tulipomuuliza kwa nini alibaki, jibu lilikuwa lilelile: baiskeli. Mie siamini kama ilikuwa baiskeli peke yake, lakini nitamuuliza nani sasa? Kwa hiyo hata ile "kidogo tu" yako iandike: mwezi mmoja zaidi kwa mwajiri asiyelipa, mkopo mdogo wa simu, ahadi uliyompa mtu mlangoni ukiwa na haraka zako.

Wakati mwingine sehemu unayoiruka haina dawa. Mzazi hataki, au lazima mmoja aumie. Iandike ilivyo, kisha amua. Mjukuu anaweza kuelewa uamuzi mgumu, lakini ulichomficha atakisikia msibani, tena kwa mdomo wa jirani.

Haya yote ni kwa mambo yanayoweza kulala usiku mmoja. Mnunuzi anayekwambia "leo leo, kesho nampa mwingine", mwache akampe huyo mwingine. Mtoto akiwaka homa, ita bajaji mwende hospitali ya Bombo, daftari mtalikuta.